Kukereza kalamu yako ya kwanza kwa mninga na mpingo: mwongozo kamili

Kalamu ya kukereza, yaani inayochongwa kwa patasi huku mashine ikiizungusha, ni mrija wa shaba uliovishwa kanzu ya mbao. Ukilielewa hilo kabla hujawasha mashine, mengi yanayowakatisha tamaa wanaoanza hayatakufika. Kalamu nyembamba ya kuzungusha, ambayo karibu kila mtu huanza nayo, ina mirija miwili ya shaba yenye kipenyo cha karibu milimita 7. Bushi, yaani pete za chuma zinazokaa kwenye ncha za mbao na kukuonyesha mwisho wa kukereza, zina kipenyo cha kama milimita 8.4. Piga hesabu: pale kwenye ncha, mbao inayobaki juu ya shaba ina unene wa milimita 0.7 hivi.

Mbao nyembamba kiasi hicho haina pa kuficha kosa. Tundu likienda kombo, gundi ikiacha pengo, au ncha isipokaa guniya (pembe ya digrii 90) na mrija, utaona siku hiyohiyo au baada ya miezi miwili kalamu ikiwa mfukoni mwa mtu. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kuchagua mti, kutoboa na kugundisha kuliko kwenye kukereza kwenyewe. Kukereza ni sehemu tamu, lakini ndiyo fupi kuliko zote, na haiwezi kuokoa maandalizi mabovu.

Mashine na zana

Mashine ndogo ya mezani inatosha. Nafasi ya sentimita 35 hadi 40 kati ya kichwa (upande unaozungushwa na mota) na mkia (upande wa pili unaosogezwa) ni kubwa kuliko utakavyohitaji, na mota ya wati 370 kwa umeme wetu wa volti 230 haitahangaika na kipande chembamba namna hii. Jambo la kuuliza dukani ni kama kichwa na mkia vina tundu la koni ya Morse namba 2, kwa sababu vifaa vingi vya kalamu hutengenezwa kwa kipimo hicho.

Mafundi wengi wa samani wana mashine za kuchomelewa hapahapa, za mota na mkanda, zinazokereza miguu ya vitanda na meza. Zinaweza kukereza kalamu endapo zimenyooka. Jaribu hivi: weka senta, yaani koni ya chuma ya kushikia kipande, yenye ncha kali kichwani na nyingine mkiani, kisha sogeza mkia mpaka ncha mbili zikaribie kugusana. Zikikutana nukta kwa nukta, endelea. Zikipishana, kalamu itatoka na mbao nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na hakuna ustadi wa mkono utakaorekebisha hilo. Rekebisha mkia kwanza.

Nyongeza za lazima ni chache: mandreli ya kalamu, yaani fimbo nyembamba ya chuma inayoshika vipande vyote viwili kwa pamoja, bushi za aina ya kalamu unayotengeneza, senta ya mkia inayozunguka kwa beringi, yenye ncha ya digrii 60, biti ya milimita 7 yenye makali mapya, na chombo cha kusawazisha ncha ambacho nitakieleza mbele. Kwa kukata, bobari moja (patasi yenye mfereji) na patasi moja ya mshazari zinatosha kabisa. Nunua za HSS, chuma maalumu cha zana za kukatia, kwani huvumilia joto la jiwe la kunolea. Patasi za chuma cha kawaida zikibadilika rangi ya bluu kwenye jiwe, makali yake yamekwisha kulegea, hivyo ukinoa hizo zichovye majini kila baada ya sekunde chache.

Kuna pia patasi za kisu cha kabaidi, kile kijisahani cha mraba kinachogeuzwa kikichoka upande mmoja. Asiye na mashine ya kunolea aanze na hiyo. Inakwangua zaidi kuliko kukata, kwa hiyo utatumia msasa mwingi, lakini utapata kalamu. Mimi bado namshauri kila anayeanza ajifunze kunoa mapema, maana raha ya kazi hii imo kwenye patasi kali inayotoa maranda marefu badala ya vumbi.

Seti ya vipuri vya kalamu nyembamba huwa na ncha ya chuma, mirija miwili ya shaba, kizungushio cha kutoa na kurudisha refili, pete ya katikati, klipu, kofia ya juu na refili yenyewe. Wengi huziagiza nje kupitia intaneti. Agiza kadhaa kwa pamoja na za aina moja. Anayeanza akinunua aina tano tofauti anajikuta na bushi tano na biti tano, na hakuna hata moja aliyoizoea.

Mti: anza na mninga, halafu uende kwenye mpingo

Kalamu moja inahitaji kipande cha milimita 19 kwa 19 na urefu wa milimita 125 hivi. Hicho ni kitu ambacho karakana yoyote ya samani inakitupa au kukichoma. Pita Keko, Dar es Salaam, au kwa fundi yeyote wa vitanda mtaani kwako, uombe vipande vya mninga vilivyokauka. Ukitaka mpingo, wachongaji wa vinyago pale Mwenge, jijini humohumo, huwa na mabaki ambayo hayatoshi kinyago lakini yanatosha kalamu nyingi. Mombasa, wachongaji wa Kikamba wanatumia pia mwarobaini, uliosambazwa kama mbadala baada ya mpingo kuadimika, na mwarobaini ni mti mzuri wa kalamu: una rangi ya joto, unakatika vizuri na haumgharimu mtu dhamiri.

Nasisitiza mninga kwa kalamu za kwanza kwa sababu mbili. Kwanza, ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana, kwa hiyo hautapasuka juu ya mrija. Pili, unaisamehe patasi butu kidogo. Mtiki nao unapatikana kwa urahisi, lakini una chembe za silika zinazokula makali. Utanoa mara nyingi zaidi. Mpingo ni suala jingine. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, mgumu, na una mafuta yake. Ukiujua, hutoa kalamu nyeusi inayong'aa bila kupakwa kitu chochote. Usipoujua, unapasuka ukiwa kwenye drili.

Ukavu ndio mtihani mkubwa. Mpingo hukauka polepole sana, na mabaki mengi ya wachongaji bado ni mabichi ndani hata kama nje yanaonekana makavu. Kata vipande vyako vya milimita 20 au 21, paka nta kwenye ncha zote mbili ili maji yasitokee huko kwa haraka na kuleta nyufa, viweke kivulini penye hewa. Kila wiki vipime kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali na uandike uzito juu ya kipande kwa penseli. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, kipande kiko tayari kwa hali ya hewa ya mahali pako. Njia hii haihitaji kifaa cha bei, na ni ya kuaminika kuliko kugonga na kusikiliza mlio.

Chunguza kila kipande kwenye mwanga wa jua kabla ya kukikubali. Nyufa nyembamba za mpingo hazionekani ndani ya karakana yenye giza. Lowesha uso kwa spiriti: inapokauka, ufa hubaki na mstari wenye unyevu kwa sekunde moja mbili zaidi. Kipande chenye ufa kiweke kando kwa kazi nyingine. Sehemu nyeupe ya nje ya mpingo, kwa upande mwingine, usiitupe. Kalamu yenye mstari wa rangi ya maziwa ukikata weusi ni nzuri mno, na kila anayeishika huuliza imefanywaje.

Kukata na kutoboa

Chora mistari miwili ya mshazari, mfano wa herufi V, katikati ya kipande upande mmoja, kisha kikate vipande viwili hapo katikati. Mistari hiyo itakuonyesha baadaye sehemu ya juu na ya chini zinavyokutana, ili nyuzi za mti ziendelee kama hazikuwahi kukatwa. Kila nusu iwe ndefu kuliko mrija wa shaba kwa milimita 4 hivi. Mirija ya kalamu hii huwa na urefu wa karibu milimita 53, lakini pima ya kwako, usiamini kitabu.

Toboa kila nusu ukianzia upande ule uliokatwa katikati. Sababu ni rahisi: biti hupotea kidogo kadiri inavyozama, kwa hiyo mahali inapoingilia ndipo palipo sahihi zaidi, na ungependa usahihi uwe pale nyuzi zinapokutana.

Kama una drili ya kusimama, shika kipande kwenye jiliwa yenye mfereji wa V na uhakikishe kwa guniya kwamba kimesimama wima pande mbili. Kama huna, mashine yenyewe ya kukereza inatoboa vizuri kuliko drili nyingi: kipande kinashikwa na meno ya kichwa, biti inakaa kwenye kishikio mkiani, unasogeza gurudumu la mkia polepole. Drili ya mkononi iache. Kwa mbao itakayobaki na unene chini ya milimita moja, mkono peke yake haunyooki kiasi hicho.

Mwendo uwe mdogo, mizunguko 500 hadi 800 kwa dakika. Ingiza biti milimita 10, itoe yote, futa unga, ingiza tena. Kwa mpingo fanya hivyo kila milimita 5. Unga wa mpingo unaganda kwenye mifereji ya biti, biti inapata joto, joto linatanua mbao kutoka ndani, na kipande kinapasuka kwa sauti ndogo ambayo hutaisahau. Gusa kipande kwa kidole; kikiwa cha moto, pumzika, kiache kipoe chenyewe. Usikipoze kwa maji.

Biti inapokaribia kutokea upande wa pili, hapo ndipo mbao nyingi hubanduka kipande kizima. Weka kipande cha mbao chakavu kwa chini ili biti iingie humo, au acha nusu yako iwe ndefu zaidi kwa sentimita moja, toboa bila kutokea, halafu kata ile ziada mpaka tundu lionekane. Njia hii ya pili inapoteza mti kidogo na inaokoa kalamu nyingi.

Mirija na gundi

Shaba inayong'aa haishiki gundi. Sugua kila mrija kwa msasa namba 150 kwa kuuzungusha mpaka mng'ao uondoke kabisa, ufute kwa spiriti, na baada ya hapo usiushike kwa vidole vyenye jasho. Tundu la mbao nalo lipulize unga wote. Ukiwa na mti wenye mafuta kama mpingo, pitisha ndani kitambaa chembamba chenye asitoni, uache tundu likauke.

Ziba mdomo mmoja wa mrija kwa kuuchoma kwenye kipande chembamba cha kiazi kibichi. Kinabaki kizibo kidogo kinachozuia gundi isiingie ndani, na baadaye kinasukumwa nje kwa kijiti. Gundi iliyoingia ndani ya mrija huzuia vipuri siku ya kuunganisha, na kuikwangua ni kazi ya kuchosha.

Kuhusu gundi, nina msimamo. Wengi hutumia supagluu kwa sababu inashika haraka, lakini hapa Pwani unyevu wa hewa huiharakisha mno, maana gundi hiyo hugandishwa na unyevu. Mrija unaweza kunasa katikati ya tundu, nusu ndani nusu nje, na huo ndio mwisho wa kipande. Gundi ya kuchanganya kutoka tyubu mbili, ile ya epoksi, inakupa dakika kadhaa za kufanya kazi kwa utulivu na inajaza mapengo. Paka gundi ndani ya tundu na juu ya mrija, ingiza mrija huku ukiuzungusha na kuurudisha nyuma na mbele ili gundi ienee pande zote, kisha uusukume mpaka uwe ndani ya mbao kwa milimita 1 hadi 2 kila upande. Acha mpaka kesho yake. Gundi inayosema dakika tano inashika kwa dakika tano, lakini nguvu yake kamili inakuja baadaye sana.

Nyufa nyingi zinazotokea kwenye ncha za kalamu baada ya miezi zinaanzia hapa: sentimita ya mwisho ya mrija haikupata gundi, mbao ikabaki inaelea, ikasogea hali ya hewa ilipobadilika, ikapasuka.

Kusawazisha ncha

Gundi ikikauka, ncha za mbao lazima zifikie usawa wa shaba na zikae guniya kamili na mrija. Chombo cha kazi hii ni fimbo ya milimita 7 inayoingia ndani ya mrija, yenye kichwa cha meno kinachokata mbao bapa. Kizungushe polepole na uache pale tu unapoona duara la shaba linameremeta. Ukiendelea kukata shaba, mrija unafupika, na refili haitakaa sawa.

Kwa mpingo na miti yote migumu, meno hayo huweza kumega ukingo. Njia salama zaidi: gundisha msasa namba 120 kwenye kisahani cha mbao kilichofungwa kichwani, weka kipande juu ya fimbo nyoofu iliyoshikwa mkiani, sukuma taratibu mpaka shaba ionekane. Inachukua muda, na inatoa ncha safi.

Kabla ya kuwasha

Vaa ngao ya uso, miwani peke yake haitoshi. Vaa barakoa nzuri ya vumbi. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na macho ya watu wengi, na la mninga linaweza kuamsha pumu. Glavu usivae kamwe mbele ya kitu kinachozunguka. Mikono mirefu ikunjwe juu ya kiwiko, mtandio, kanga na tai viondolewe, nywele ndefu zifungwe nyuma. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi saa hiyohiyo. Umeme ukirudi wakati umeinamia mashine na patasi imelala juu ya kipande, hakuna atakayewahi.

Kukereza

Panga kwenye mandreli: bushi, nusu ya kwanza, bushi ya kati, nusu ya pili, bushi ya mwisho. Angalia ile V uliyochora ikutane. Kaza nati kwa vidole tu. Sogeza senta ya mkia mpaka iguse na kuanza kuzunguka pamoja na mandreli, kisha iongeze kidogo sana. Kukaza kupita kiasi kunapinda fimbo kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na matokeo yake ni kalamu yenye umbo la yai. Mtu akiniletea kalamu yenye mbao nene upande mmoja, swali langu la kwanza huwa ni hilo la kukaza mkia.

Egemeo la patasi likae milimita 3 kutoka kwenye pembe za kipande, na kimo chake kikuwezeshe kukata kwenye mstari wa katikati. Zungusha kwa mkono duru nzima uone kama hakuna kinachogonga.

Aliyezoea miguu ya meza ataogopa mwendo wa kalamu. Mguu wa meza wa milimita 80 kwa mizunguko 1,000 unapita mbele ya patasi kwa karibu mita 4 kwa sekunde. Kipande cha kalamu cha milimita 20, hata kwa mizunguko 2,500, kinapita kwa mita 2.6 tu. Kwa hiyo anza na 1,500 mpaka pembe nne ziondoke, halafu panda hadi 2,500 au 3,000. Ukikereza kalamu kwa mwendo wa mguu wa meza, patasi itararua nyuzi.

Shika bobari, laza mgongo wa makali juu ya mbao kwanza bila kukata, kisha inua mpini taratibu mpaka maranda yaanze kutoka. Anza karibu na ncha moja na ukate kuelekea nje, kila mara ukirudi nyuma kidogo kuelekea katikati. Usianzie nje kuingia ndani. Patasi itachota ukingo na kung'oa kibanzi mpaka kwenye shaba. Kata nyembamba, simamisha mashine, tazama, endelea. Ukiona kipande kimekuwa mviringo kamili, noa tena hata kama unadhani patasi bado kali.

Sasa chagua umbo. Kalamu iliyonyooka kama bomba ni rahisi, lakini haikai vizuri vidoleni. Ninapenda kuacha nusu ya chini na tumbo kidogo, kama milimita 10 au 11 pale vidole vinaposhika, ishuke kwa mkunjo mmoja mrefu mpaka kwenye bushi. Nusu ya juu iwe na mkunjo mdogo zaidi. Miti yenye michirizi kama mninga haihitaji mapambo ya mifereji, michirizi yenyewe ni pambo.

Ikibaki nusu milimita kufikia bushi, hamia kwenye patasi ya mshazari. Tumia sehemu ya kati ya makali au ya chini kidogo. Ile ncha ndefu ya juu ikigusa mbao, itazama. Mguso uwe mwepesi. Ukiwa bado huiamini mikono yako, fanyia mazoezi kwenye kipande kisicho na mrija mpaka uone maranda yanatoka kama utepe. Acha mbao iwe juu kidogo ya bushi, kama unene wa karatasi mbili, kwa ajili ya msasa.

Msasa

Shusha mwendo hadi 1,000 hivi. Ondoa egemeo kabisa, vidole visije vikabanwa kati yake na kalamu. Anza na namba 150 au 180 ikiwa kuna mikwaruzo ya patasi, kisha 240, 320, 400 na 600. Kabla ya kuhamia namba inayofuata, simamisha mashine na usugue kwa urefu wa nyuzi, kisha ufute vumbi. Mikwaruzo ya duara ndiyo inayoonekana kwenye kalamu iliyong'arishwa, na inaondoka kwa kusugua kwa urefu peke yake.

Usiguse bushi kwa msasa ukiwa na mti mweupe au wa manjano. Unga wa chuma huingia kwenye vinyweleo vya mbao na kuacha kivuli cheusi kwenye ncha. Kwa mpingo hakuna atakayeona, lakini bushi yako inapungua kipenyo kila siku na baadaye inakudanganya kipimo. Msasa ukipata moto vidoleni, unasukuma kwa nguvu mno.

Kung'arisha

Mpingo hauhitaji vanishi. Ukifika namba 600, endelea na misasa laini kuliko hiyo kama unayo, mpaka 2,000 au zaidi, kisha paka nta ya nyuki iliyochanganywa na nta ngumu, usugue kwa karatasi laini mashine ikizunguka. Weusi wake unajitokeza wenyewe. Kuupaka plastiki mti wa namna hii ni kuunyima haki yake.

Mninga, mtiki na mwarobaini vinahitaji ulinzi dhidi ya jasho la mkono. Shelaki yenye nta inapakwa mashine ikizunguka, inang'aa kwa dakika moja, lakini kwa kalamu inayotumika kila siku mng'ao wake hufifia mapema. Kinga ya kudumu ni supagluu nyepesi, na hapa kweli inafaa. Mwendo wa chini, matone mawili kwenye karatasi laini iliyokunjwa, pitisha kwa haraka kutoka ncha hadi ncha, acha ikauke, rudia mara sita hadi nane. Kisha sugua kwa msasa namba 600 wenye maji mpaka sehemu zote zinazong'aa zigeuke za ukungu kwa usawa, panda namba za juu, malizia kwa poda ya kung'arishia chuma.

Tumia karatasi, usitumie kitambaa cha pamba, kwani supagluu ikikutana na pamba hutoa joto kali linaloweza kukuunguza. Kitambaa chochote pia kinaweza kunaswa na mandreli na kuvuta kidole, wakati karatasi inachanika tu. Fungua madirisha, mvuke wake unachoma macho.

Kalamu ikiganda kwenye bushi kwa sababu ya gundi, usiivute. Kata mstari mwembamba kwa ncha ya patasi pale mbao inapokutana na bushi, kisha itenganishe. Ncha ipitishe mara moja kwenye msasa uliolala juu ya meza bapa.

Kuunganisha

Panga vipuri mezani kwa mfuatano wake na uweke nusu mbili za mbao na V zikitazamana. Safisha ndani ya mirija kwa msasa uliokunjwa kwenye kijiti. Tumia jiliwa yenye vibao vya mbao laini kwenye meno yake, au kichwa na mkia wa mashine vikiwa na vibao hivyo, na usukume polepole na kwa unyoofu. Kipuri kikiingia kwa upogo, kinapasua mbao.

Sukuma ncha ya chuma kwenye mwisho wa nusu ya chini. Geuza, weka kizungushio upande wa katikati, sehemu ya shaba ikitangulia. Hapa uwe na subira. Sukuma mpaka karibu na alama iliyopo kwenye kizungushio, simama, ingiza refili, zungusha uone inatokeza kiasi gani. Ikitokeza kidogo mno, sukuma nusu milimita, jaribu tena. Kuingiza zaidi kunawezekana, kukitoa bila kuharibu kitu ni vigumu sana. Lengo ni refili itokeze milimita 2 au 3 ikiwa wazi na ipotee kabisa ikifungwa.

Nusu ya juu ipate klipu na kofia kwa msukumo mmoja. Vika pete ya katikati, ingiza nusu ya juu kwa mkono, izungushe mpaka michirizi ikutane huku refili ikiwa imefungwa.

Ukitaka kuuza

Kalamu kumi za kwanza gawa kwa watu wanaoandika kweli: walimu, makarani, wanafunzi. Waombe wakurudishie baada ya miezi mitatu uzitazame. Nyufa kwenye ncha zinakuambia kuhusu gundi na ukavu, mng'ao uliofifia unakuambia kuhusu umaliziaji. Mteja anayelipa hatakuletea taarifa hiyo, hatarudi tu.

Mti uwe wa halali. Mpingo huchukua miaka zaidi ya 70 kufikia kimo cha kuvunwa, na vipo vijiji vinavyoutunza ili viishi nao: Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha FSC, cha kuthibitisha kuwa msitu unatunzwa vizuri, mwaka 2009 kwa msitu wao wa kijiji. Unaponunua ubao mzima, dai risiti, na uulize kuhusu hati ya usafirishaji inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu. Karibu miti yote ya jenasi ya mpingo (Dalbergia) imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Mkataba huo unasamehe bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo, lakini sheria za nchi unakotuma na unakotoka zinaweza kudai zaidi, kwa hiyo uliza ofisi ya misitu kabla ya kutuma posta. Kalamu ya mwarobaini haina usumbufu huo.

Agiza refili za ziada pamoja na seti. Kalamu hizi nyembamba hutumia refili ya mtindo wa Cross, ambayo haifanani na ile ya kalamu za kawaida za dukani, na mteja wino ukimwishia atakutafuta wewe. Mpe moja ya akiba ndani ya kisanduku, na umwonyeshe palepale jinsi ya kuibadilisha: vuta nusu ya juu kwa unyoofu bila kuizungusha, fungua refili ya zamani, funga mpya, rudisha.